Eli Alitazama Mdomo wa Hana

Maandiko: 1 Samweli 1:9-18, Nehemia 2:1-5, Yohana 9:1-3

Najua wengine mkiona jina la Hana mtadhani ni mahubiri ya Siku ya Akina Mama, maana Hana huwa tunamtoa mwezi wa tano, tunamhubiri, halafu tunamrudisha kabatini. Leo sitamfikia mtoto Samweli. Nataka tukae na ile dakika kabla Hana hajapata jibu lolote, pale Shilo, wakati kuhani mzee anamwangalia mdomo.

Fungua mwenyewe mstari wa 9 mpaka wa 14. Hana anaomba moyoni. Midomo inacheza, sauti haitoki. Eli ameketi kitini penye mwimo wa mlango, yaani mahali ambapo kwetu husimama idara ya kukaribisha watu, na anautazama ule mdomo. Hajauliza kitu. Hajui nyumbani kwa Elkana kukoje, hajui kuna Penina anayemchokoza Hana mwaka baada ya mwaka. Ameona mdomo unaokwenda kwa namna asiyoizoea, akafunga hesabu: huyu mama amelewa. Akamkemea hapo hapo.

Na Eli hakuwa mtu wa ovyo. Alikuwa mtumishi mwenye miaka mingi ya kuangalia watu wakiomba. Hilo ndilo linalonisumbua katika andiko hili. Kama ni mlevi wa sokoni ndiye aliyemtukana Hana, tungesema ni pombe. Lakini ni mtu wa madhabahu, mzoefu, aliyesoma uso wa muumini na kukosea kabisa.

Sasa nije kwetu. Mwaka huu nimeitwa kwenda kuombea watu watatu ambao uso umepinda. Mmoja ni mvuvi wa omena. Alitoka ziwani alfajiri, akazima taa zake, akalala vizuri kama kawaida. Alipoamka na kuanza kusukutua, maji yakamwagika upande mmoja wa mdomo. Akadhani ni usingizi. Akaletewa chai, ikafanya vilevile. Mke wake akamtazama na kupiga nduru, maana jicho moja halikupepesa na shavu la upande huo lilikuwa limelegea kama nguo iliyolowa.

Mimi nilipofika, maelezo yalikuwa yamejaa nyumba nzima. Mmoja anasema ni upepo baridi wa ziwa. Mwingine anasema ni juok, kuna mtu amemfanyia kitu kwa sababu ya mashua. Mzee mmoja akakumbusha kwamba wiki hiyo hiyo Nyawawa walipita, si mnajua ule usiku watu walipigapiga sufuria na mabati kuwafukuza, na huyu alikuwa majini. Kijana akasema ni kiharusi na baba hatamaliza mwezi. Na shavuni tayari kulikuwa na chale mbichi za wembe, zimepakwa unga mweusi. Hiyo ilikuwa siku ya nne. Hospitalini alifika siku ya tisa.

Hebu tuseme ukweli wa mwili kwanza, halafu turudi kwa Eli.

Nyuma ya sikio lako, kila upande, kuna neva moja inayopita ndani ya tundu jembamba la mfupa na kutokea usoni. Madaktari huihesabu kuwa neva ya saba ya kichwa. Kazi yake kubwa ni kuusogeza uso: kukunja kipaji, kufumba jicho, kutabasamu, kupiga mluzi. Neva hii ikivimba ndani ya lile tundu, mfupa haupanuki. Ni kama mpira wa maji uliopitishwa kwenye bomba linalobana. Ukivimba unajikaba wenyewe. Habari hazifiki kwenye misuli, na nusu ya uso inalala. Mara nyingi huanza ghafla na kufikia kilele chake ndani ya siku mbili au tatu. Wataalamu wengi wanadhani virusi ndivyo huamsha uvimbe huo, vile vya jamii ya malengelenge ya mdomoni, ambavyo hukaa kimya mwilini miaka na miaka. Wanaita ugonjwa wa Bell, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Scotland, Charles Bell, aliyeeleza kazi ya neva hiyo mwaka 1821. Wenye kisukari na akina mama walio katika miezi ya mwisho ya ujauzito hupatwa zaidi kuliko wengine.

Ni ugonjwa wa kawaida kuliko tunavyofikiri. Makadirio yanayotumika sana duniani ni kati ya watu 15 na 30 kila mwaka katika kila watu 100,000. Mimi nilisomea biashara, kwa hiyo nisamehe, lazima nipige hesabu. Sensa ya 2019 iliipa kaunti ya Homa Bay watu 1,131,950. Kama kiwango kwetu ni hicho hicho, ni kama watu 170 hadi 340 kwa mwaka katika kaunti moja, bado hatujaingia Migori. Sasa jiulize, hao wote wamelogwa na nani? Huyo mchawi angehitaji ofisi na wafanyakazi.

Na kile kijana alichosema, kiharusi, kinafaa kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu kiharusi pia hupindisha uso. Kuna tofauti moja ambayo wauguzi huangalia. Mwambie mgonjwa ainue nyusi. Katika ugonjwa wa Bell, kipaji cha upande uliolala hakikunjiki; ni laini kana kwamba kimepigwa pasi. Katika kiharusi, mara nyingi kipaji bado kinakunjika pande zote mbili lakini mdomo umeshuka, na mara nyingi mkono au mguu wa upande mmoja umekosa nguvu, au maneno yanachanganyika. Lakini tafadhali, usiupime uso wa baba yako kwa kipaji halafu ukakaa nyumbani umeridhika. Hii nimekuambia ili uelewe daktari anafanya nini. Uso ukipinda ghafla, pikipiki iitwe wakati huo huo, hata kama ni usiku, hata kama ni wewe unayeombewa.

Nimesema wakati huo huo kwa sababu saa zinahesabika. Kuna dawa ya vidonge, prednisoloni, si ngeni na si ya bei ya kutisha, inayopunguza ule uvimbe. Inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Mwaka 2007 madaktari wa Scotland walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa karibu 500 walioanzishiwa matibabu ndani ya muda huo. Baada ya miezi 9, katika kila watu 100 waliomeza prednisoloni, takriban 94 walikuwa wamepona kabisa. Kati ya wale ambao hawakuipata, takriban 82. (Usiende kuinunua dukani kwa kubahatisha. Inapandisha sukari, na kuna watu ambao daktari lazima awaangalie kwanza.)

Siku tatu. Mvuvi wetu alifika siku ya tisa.

Lakini hebu tazama ile namba ya pili kwa jicho la muumini, maana imejaa mambo. Watu 82 kati ya 100 walipona bila ile dawa. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba ukichanjwa wembe leo, kuna uwezekano mkubwa wiki ya tatu uso utaanza kurudi, na utasema ni wembe. Ajuoga atasema ni yeye, na atakula kuku wako kwa haki kabisa machoni pa kijiji. Hivyo ndivyo sifa za waganga zinavyojengwa. Wanadai malipo kwa kazi ambayo Mungu alikuwa ameshaiweka ndani ya mwili.

Na sisi wachungaji? Tusijifiche. Mtu akiombewa Jumatano na kupona mwezi unaofuata, tunampandisha madhabahuni atoe ushuhuda, na mchungaji anasimama karibu na maikrofoni. Mimi naamini Mungu anaponya. Nimeomba kwa hao watatu na sitaacha kuwaombea. Lakini Mungu aliyeipa neva uwezo wa kupona ni yuleyule tunayemwomba, na utukufu ni wake hata pale ambapo hakuna mtumishi aliyeweka mkono. Mfalme Hezekia aliahidiwa na Bwana miaka 15 zaidi, ahadi kutoka kinywani mwa nabii Isaya mwenyewe, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Isaya 38:21. Isaya hakuona aibu kutoa unabii na kuagiza dawa siku moja. Mbona sisi tuone?

Kuna jambo lingine ambalo nimeombwa na muuguzi mmoja nilitaje, na nitalitaja. Ukifika hospitali na uso umepinda, huenda ukaambiwa upimwe virusi vya Ukimwi. Usikasirike, na usidhani umeshtakiwa uzinzi. Virusi hivyo vinaweza kugusa neva ya uso, wakati mwingine mapema, mtu akiwa bado anajiona mzima. Utafiti wa kitaifa wa 2018 uliikuta Homa Bay na karibu watu wazima 20 katika kila 100 wanaoishi navyo, asilimia 19.6, kiwango cha juu kuliko kaunti yoyote nchini. Si kila uso uliopinda una virusi. Lakini hapa kwetu daktari asiyeuliza hajafanya kazi yake, na mtu anayejua hali yake anameza dawa na kuona wajukuu. Na tukisikia fulani amepimwa, hatuna kazi nayo.

Vijana mnapenda mifano yenu. Mnamkumbuka mwimbaji Justin Bieber, mwezi wa Juni 2022, alipojirekodi video akionyesha jicho moja haliwezi kupepesa na nusu ya uso haicheki? Ule ni ndugu wa karibu wa ugonjwa huu, unaitwa ugonjwa wa Ramsay Hunt. Virusi vya tetekuwanga, vile vinavyoleta mkanda wa jeshi, huamka kwenye neva ya uso, na mara nyingi hutoa vipele vyenye maji sikioni. Huo una maumivu makali na unahitaji pia dawa ya virusi. Ukiona vipele sikioni pamoja na uso kupinda, sema mapema kwa daktari. Pesa za Bieber hazikumzuia, kwa hiyo tuache kumuuliza mama wa omena amekosa nini.

Hilo ndilo swali la wanafunzi katika Yohana 9, si ndiyo? Wanamwona mtu na kilema chake, swali lao la kwanza ni nani alitenda dhambi. Bwana Yesu alikataa pande zote mbili za swali. Hakumpa mzazi lawama wala kipofu. Lakini swali lenyewe limesalia makanisani miaka elfu mbili, limevaa nguo mpya: una imani kiasi gani? Umesamehe? Kuna mlango gani uliouacha wazi?

Niwaambie juu ya mtu mmoja wa ushirika wetu. Amesoma ukurasa huu kabla haujachapishwa na amekubali. Yeye ni katika wale wachache ambao uso haukurudi wote. Miaka kadhaa imepita. Alikuwa kanisa lingine wakati huo, si mbali na ziwa, silitaji. Alikuwa anasimama mlangoni kukaribisha watu. Mwanzoni aliombewa kila ibada. Mwezi wa kwanza kila mtu alimlilia. Mwezi wa tatu maombi yakawa mafupi. Mwezi wa sita kiongozi wake akamwambia kwa upole, upole ule unaouma, kwamba mlangoni panahitaji mtu mwenye uso wa furaha, wageni wasije wakadhani hawatakiwi. Akapewa kazi ya kuhesabu viti.

Viti havihitaji tabasamu, akaniambia.

Nilisoma somo la huduma kwa wateja chuoni. Tulifundishwa kwamba uso wa muuzaji ni sehemu ya bidhaa. Mteja akikuta uso umenuna anavuka barabara. Katika duka hilo ni kweli, sibishi. Lakini kanisa halimuuzii mtu kitu mlangoni, na nahofia tumeiazima ile sheria ya duka na kuiita ukarimu. Furaha ni tunda la Roho. Tabasamu ni kazi ya misuli. Misuli inaweza kukatwa habari, na tunda likabaki palepale.

Hebu niwaeleze kinachoendelea ndani ya uso wa namna hiyo, maana mengi tunayaona kila Jumapili na kuyasoma vibaya kama Eli.

Herufi za midomo ndizo ngumu: b, p, m. Midomo haigusani sawasawa, hewa inatoka pembeni. Sasa salamu yetu ya kwanza kanisani ni ipi? "Bwana asifiwe." Inaanza na herufi ileile inayomshinda. Kwa hiyo mtu anaamua kupunga mkono tu na kupita, na sisi tunasema ana maringo siku hizi, hasalimii.

Jicho halifumbi vizuri. Vumbi la barabara ya kuja huku linaingia, moshi wa jikoni unaingia, na usiku analala jicho likiwa wazi kidogo. Kioo cha jicho kikikauka kinachubuka, na mtu anaweza kupoteza kuona kwa ugonjwa ambao haukuwa wa macho kabisa. Ndiyo maana utamwona anavaa miwani ya jua ndani ya kanisa, au anafumba jicho kwa kidole. Si mapambo, na si kudharau mahubiri. Kama una mgonjwa nyumbani, jambo hili lisikupite: matone ya jicho aliyopewa yatumike mchana, dawa ya kupaka usiku, na wakati wa kulala jicho lifungwe kwa upole kwa plasta ya hospitali jinsi muuguzi alivyoonyesha.

Sikio. Hili hata mimi lilinishangaza nilipoelezwa. Neva ileile inaendesha msuli mdogo sana ndani ya sikio, kazi yake ni kupunguza makali ya sauti kubwa. Msuli huo ukilala, sauti ya kawaida inagonga kama nyundo. Sasa fikiria mtu huyo katika kanisa letu, na zile spika mbili tulizochangia kwa furaha. Anakaa nyuma karibu na mlango, anatoka nje wakati wa kusifu. Na kuna mtu anasema moto umezimika ndani yake.

Kisha machozi. Neva ikianza kupona, wakati mwingine nyuzi zake hukosa njia. Ile iliyokuwa ya mate inakwenda kwenye machozi. Basi mtu akianza kutafuna ugali na samaki, jicho moja linatiririka. Nyingine hufunga jicho kila anapojaribu kucheka, ikaonekana kama anakukonyeza. Mama yetu huyu aliwahi kuitwa kando baada ya mlo wa kanisa akaombewa roho ya huzuni. Alikuwa anakula tu. Samaki alikuwa mzuri, amesema.

Wapo pia wenye uso mgumu pande zote mbili, na hao tunawakosea zaidi kwa sababu hakuna kilichopinda. Wazee wenye ugonjwa wa Parkinson: mkono unatetemeka, hatua zinakuwa fupi, na uso unaganda polepole mpaka unafanana na kinyago. Wajukuu wanasema babu amekuwa mkali. Babu hajakasirika, ndani yake anawachekea vilevile. Huko Tanzania, wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wenye ugonjwa huo, na wengi wa waliowapata hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba ni ugonjwa. Walidhani ni uzee. Na kuna wenye huzuni nzito ya akili, ambao uso umeishiwa nguvu za kuonyesha chochote. Hawa wote wanahitaji hospitali na wanahitaji sisi.

Mtu ataniuliza, mchungaji, unataka kusema uso hauna maana? La. Biblia haisemi hivyo. Yakobo aliutazama uso wa Labani akajua mambo yameharibika, na alikuwa sahihi. Lakini Yakobo alikuwa na zaidi ya uso. Alikuwa ameishi kwa Labani miaka mingi, mshahara wake umebadilishwa mara kumi, na ameshasikia maneno ya wana wa Labani. Uso ulikuja juu ya ushahidi mwingine.

Anayenifundisha zaidi ni mtu ambaye hata si wa imani: Artashasta, mfalme wa Uajemi. Nehemia anamletea divai, uso wake una huzuni. Kuwa na uso wa huzuni mbele ya mfalme wa namna ile ilikuwa hatari, ndiyo maana Nehemia aliogopa sana. Soma mfalme alifanya nini. Aliuliza. Na katika kuuliza kwake alitaja kwanza ugonjwa: huumwi, basi hii ni huzuni ya moyo. Aliondoa ugonjwa kwanza ndipo akauingia moyo. Halafu akanyamaza ili ajibiwe, na alipojibiwa akauliza tena: unataka nini? Ukuta wa Yerusalemu ulijengwa kutokana na maswali hayo. Mfalme wa kipagani aliuliza. Kuhani wa Bwana alihukumu. Naomba tuone aibu kidogo hapo.

Kwa heshima ya Eli, niongeze hili. Hana alipojieleza, Eli hakushindana naye. Alibadilisha maneno yake mara moja, akamwambia aende kwa amani, na mstari wa 18 unasema uso wa Hana haukuwa na huzuni tena. Hajapata mimba bado. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa mlangoni alimsikia.

Nina neno kwa vijana wenye simu, halafu nimalize. Mwaka 1993 nchi ya Kanada ilikuwa kwenye uchaguzi. Mmoja wa wagombea, Jean Chrétien, alikuwa na upande mmoja wa uso uliopooza tangu ujanani, kwa ugonjwa huu huu wa Bell. Alizungumza mdomo ukienda upande. Chama kilichokuwa madarakani kikatoa tangazo la televisheni lenye picha za uso wake, na sauti zikiuliza kama huyu anafanana na waziri mkuu. Watu walichukizwa, hata ndani ya chama hicho chenyewe, na tangazo likaondolewa haraka. Chama hicho kilikuwa na matatizo mengine mengi, nisiwadanganye kwamba ni tangazo tu lililokiangusha, lakini kilitoka kwenye uchaguzi ule na viti 2 tu bungeni. Chrétien aliongoza nchi mpaka 2003. Sasa wewe uliyempiga picha yule mvuvi akinywa chai ukaiweka kwenye WhatsApp na vicheko, nakuomba uifute leo, na uende kwake. Si kwa simu. Uende.

Mvuvi mwenyewe anaendelea vizuri. Daktari alisema amechelewa lakini hajakata tamaa, na jicho limeanza kufumba. Anafanya mazoezi aliyoonyeshwa mbele ya kioo, taratibu, bila kulazimisha: anainua nyusi, anafumba, anajaribu kupiga mluzi. Mluzi bado. Watoto wake ndio wanaomhesabia.

Wale madereva wawili wa pikipiki wa idara ya vijana wamekubali kuitwa saa yoyote kwa jambo hili, na nauli itatoka mfuko wa huduma. Mwenye mgonjwa ampigie katibu, asingoje kunipata mimi. Njoo na mgonjwa hospitali hapa Kisegi kwanza. Wakituma Homa Bay tutajipanga. Maombi tutafanya njiani, pikipiki haina shida na maombi.

Na kuanzia Jumapili hii mama yetu anarudi mlangoni. Mwenyewe ameomba, sijamshawishi. Atakuwa mlango wa upande wa mwembe, kwa sababu mwingine una spika. Usimtazame mdomo sana wala usigeuze macho pembeni. Akikusalimia na ile "b" ikatoka na hewa, mjibu Amen kwa sauti ya kawaida, mpe mkono. Na kama hukusikia alichosema, mwombe arudie. Amesema haoni vibaya kurudia.